Msuka Samadi wa Aziziya

"Mtu anaweza kukushika mikono miaka na miaka akikufundisha kazi, na bado kwake ukawa kibarua tu?"

Swali hilo aliniuliza babu yangu mzaa mama, juu ya paa la jengo letu la Aziziya, Jedda, akiwa ameketi kwenye debe la mafuta lililopinduliwa, uma wa samadi ameulaza magotini. Nilikuwa na shahada ya historia na ulimi usiokubali kushindwa. Nilitazama matangi ya maji, nikatazama madishi ya televisheni, nikamtazama yeye.

Tulimwita Bwana Shamba. Si majirani peke yao. Hata mama yangu, binti yake wa kumzaa, mara nyingi alimwita hivyo, na sisi wajukuu tukafuata. Jina lilitoka kwa bibi. Walipofika Jedda, baada ya mapinduzi kuwaondoa Unguja, walipanga chumba Balad, mji mkongwe, katika moja ya zile nyumba za mawe ya matumbawe, na babu akawa hamali sokoni, akibeba magunia ya mchele. Hata godoro hawajanunua, babu alikwisha panda vitunguu kwenye makopo dirishani. Bibi akasema, "Haya, Bwana Shamba, kesho utatuletea na ng'ombe humu." Jina likaganda. Aliliitikia maisha yake yote, lakini kila alipoitwa ghafla aligeuka kwanza akatazama nyuma yake, kama vile aliyeitwa ni mwingine. Tulidhani ni masikio.

Sisi Wazanzibari wa Jedda tunaulizana ukoo kabla ya kuulizana hali. Harusini, msibani, hata kwenye foleni ya mkate, utasikia, "Wewe wa kina nani?" Upande wa baba yangu nilikuwa na jibu refu la kuchosha. Upande wa mama nilikuwa na maneno matatu aliyonikaririsha mwenyewe: Waarabu wa Tanga. Ushahidi wake ulikuwa pua ya babu, iliyochongoka, na macho yake yenye rangi ya maji ya mvua.

"Waarabu wa Tanga wa kina nani?" niliuliza tangu nikiwa na miaka kumi.

"Wewe mtoto una shetani la kuuliza," Mama alisema. "Mwarabu ni Mwarabu. Kula."

Nikimwuliza babu mwenyewe, alijibu, "Mimi mtu wa Tanga," akaenda zake juu kumwagilia kabichi.

Alikula amesimama. Hilo lilimtesa sana Mama, hasa wageni wakiwepo. Sinia la pilau linawekwa, watu wanajikunja mkekani, na Bwana Shamba yuko mlangoni na sahani yake mkononi, bega limeegemea kizingiti, anatafuna huku anatutazama. "Baba, kaa, watu watasema hatukulishi." Yeye: "Naona vizuri hapa." Nilipokuwa mwaka wa kwanza chuoni nilimwambia kwamba kula wima kunaharibu tumbo, nimesoma. Akasema tumbo lake halijasoma.

Maziwa hakuyagusa. Chai yake ilikuwa ya rangi siku zote, na jibini akilisogeza pembeni ya sahani kwa ncha ya kisu. Lakini katoni ya maziwa ikifunguliwa alinusa kutoka upande wa pili wa meza na kusema ng'ombe huyu kalishwa majani makavu mno. Alikuwa akiamka kabla ya adhana ya alfajiri, akikunja na kukunjua vidole kama anayekamua, na akiulizwa anafanya nini alisema anafukuza baridi. Baridi, Jedda!

Na kila mtu alikuwa mwanawe. Bawabu wa Kiyemeni aliyemzidi tumbo na mvi: mwanangu. Dereva wa teksi: mwanangu. Polisi aliyekuja kuulizia ikama, vibali vya ukaazi, za wapangaji: karibu, mwanangu. Njeri, dada wa Kikenya aliyefanya kazi kwetu na kulala chumba cha nyuma, alitoka nyumba iliyotangulia akiwa amezoea kuitwa kwa kupigiwa makofi. Siku ya kwanza Bwana Shamba alimwambia, "Mwanangu, hiyo ndoo nzito, iache." Njeri aliingia jikoni akanong'ona, "Huyu mzee ananiita mtoto wake? Kwani nimefanyaje?" Kuanzia hapo akamwita Guka, yaani babu kwa lugha ya kwao. Mama hakupenda, akazoea.

Sasa paa. Mwenye jengo alimwachia babu paa lote kwa sababu aliyapunguza mapanya na kuwafukuza njiwa. Alipanda katika mapipa yaliyokatwa nusu, chini ya wavu wa kuzuia jua: kabichi, karoti, viazi mviringo vidogo kama gololi. Kwenye pembe ya kaskazini, mbali na viyoyozi, kulikuwa na chungu ya samadi. Alinunua mavi ya mbuzi na majani makavu kwenye soko la mifugo, akayabeba kwa lifti mpaka wapangaji wakagombana naye, kisha akayabeba kwa ngazi. Chungu ile ilikuwa ya mraba, kuta zake zimesimama wima, na ukingo wake ulisukwa. Simaanishi kwamba ulipangwa vizuri. Ulisukwa. Alishika majani yaliyotokeza pembeni, akayapinda kwa ndani, akayapitisha moja chini ya jingine, mpaka chungu nzima ikazungukwa na msuko mnene, sawasawa, kama kichwa cha msichana aliyesukwa kwa ajili ya Idi.

Njeri alipouona mara ya kwanza alishika kiuno. "Aki ya Mungu. Guka amesonga mbolea matuta! Mimi mwenyewe nywele zangu hazijawahi kutoka poa hivi."

"Kaa hapa nikusonge na wewe," babu akamwambia.

"Na hiyo mikono ya mavi? Zii, asante."

Watu wetu walikuwa na maelezo tayari. Bibi alikuwa mtu wa Makunduchi, na wanawake wa huko husuka ukili wa mikeka. Basi, walisema, babu alijifunza kusuka kwa bibi. Mwanamume aliyempenda mkewe mpaka akashika kazi ya kike. Hadithi hiyo ilikuwa ikisimuliwa kwenye harusi, na mabibi walimtania usoni: "Bwana Shamba, njoo utumalizie mkeka!" Aliwacheka pamoja nao. Hakukubali, hakukanusha. Bibi naye, hadi alipofariki, alikuwa akisema, "Mimi nimuulize? Akipenda atasema."

Mimi hadithi tamu huniwasha. Likizo moja nilimletea mkeka wa zamani wa bibi na fungu la ukili mkavu aliouacha. Nikamwomba anianzishie hata upana wa kiganja. Alizigeuza zile nyuzi za ukili vidoleni, akazinusa, akazirudisha.

"Hii siijui," alisema.

"Lakini kila Ijumaa unasuka kule juu."

"Ile nyingine."

"Nani alikufundisha ile nyingine?"

Akanitazama kwa yale macho ya maji ya mvua. "Kazi haijaisha huko juu, mwanangu." Kwake kazi haikuwahi kuisha. Ukimwuliza kama amemaliza, jibu ni "Bado kidogo," hata kama kisu kimeshafutwa na kuning'inizwa.

Nilimaliza chuo nikapata kazi Riyadh, mtaa wa Murabba, kwenye ofisi ya kampuni ndogo inayouza chakula cha mifugo. Shahada ya historia, na mimi natafsiri maandishi ya magunia ya pumba. Mteja mmoja alikuwa daktari wa mifugo, mwanamke wa Kiswisi wa makamo, mrefu, aliyeangalia ng'ombe katika mashamba ya maziwa yaliyo nje ya mji. Alikuwa akija na viatu vyenye vumbi, anakunywa kahawa yetu, tunazungumza Kiingereza kuhusu joto. Siku moja akalalamika kwamba jangwani hakuna mboga yenye ladha. Nikajigamba. Nikatoa simu nikamwonyesha kabichi za babu.

Hakutazama kabichi. Aliivuta picha kwa vidole viwili, akaipeleka kwenye pembe, akaikuza. Kahawa aliishusha bila kuitazama meza, ikamwagika.

"Hii umepiga wapi?"

"Jedda. Juu ya paa la kwetu."

"Hapana," alisema. "Hii umepiga wapi?"

"Jedda, nakwambia. Huyo ni babu yangu."

Aliniambia kwamba anaufahamu ule msuko. Katika mabonde ya kwao, na si Uswisi yote, wakulima walikuwa wakisuka ukingo wa samadi namna hiyo hiyo, hata pembe zinapindwa hivyo hivyo. Babu yake yeye alifanya hivyo. Siku hizi wamebaki wazee wachache, na watu huja kuwapiga picha. "Hiki si kitu ambacho mtu anakigundua peke yake," alisema. "Hiki mtu anaonyeshwa kwa mkono."

Nakumbuka nilicheka, kicheko kifupi kisicho na furaha. Mimi ambaye sikukubali hata maelezo ya bei ya nyanya bila kuuliza mara mbili, nilikuwa nimeishi na jambo lile tangu kuzaliwa, nimelipita nikienda kuanika nguo. Alhamisi ya wiki ile ile nilipanda ndege kwenda Jedda.

Nilimkuta juu, baada ya Alasiri, anageuza chungu. Sikumpa hata salamu ya maana.

"Babu, huu si ukili."

"Nani kasema ukili?"

"Watu wote."

"Basi kawaulize watu wote."

"Kuna mama mmoja wa Uswisi. Ameona picha. Anasema kwao, milimani, ndivyo wanavyosuka."

Uma ulisimama. Aliuegemea, mkono mmoja juu ya mwingine. Nilitegemea acheke, au aniambie nina shetani. Badala yake aliuliza, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, ya mtoto:

"Anatoka bonde gani?"

Nilishika pipa la karoti. Mtu wa Tanga, aliyetoka Tanga akaenda Unguja, akatoka Unguja akaja Jedda, ananiuliza bonde gani la Uswisi.

Akapindua debe akakaa, akaniambia. Aliniambia kwa mkato, huku akiondoa majani kwenye meno ya uma. Alizaliwa kwenye shamba la walowezi, juu, Usambara. Ukoo mmoja wa Kiswisi ulikuja huko, baba, mama na kijana wao, wakakata msitu, wakafuga ng'ombe wa maziwa, wakalima viazi na kabichi. Wazee walikufa, kijana akabaki na shamba. Hakuoa. Jikoni kwake kulikuwa na mpishi Msambaa.

"Mpishi ndiye mama yangu," alisema. "Na yule, vibarua wote walimwita Bwana. Na mimi nikamwita Bwana."

"Baba yako."

"Bwana."

Hapo ndipo Mama alipotokea ngazini na sinia la chai, Njeri nyuma yake na maandazi. Alikuwa amesikia ya kutosha. Sinia aliliweka juu ya tangi la maji, limekaa upande, vikombe vinateleza.

"Baba, unasema nini?"

"Nasema ulilolisikia."

"Mimi? Mjukuu wa Mzungu?"

"Na wa mpishi wake," babu akasema. "Usimsahau mpishi."

"Miaka yote hii nawaambia watu sisi Waarabu wa Tanga! Nimewaambia wakwe! Nimewaambia msikitini!"

"Sikukwambia mimi. Ulisema mwenyewe, nikaona umependeza."

"Madam, kaa kwanza," Njeri alisema, akimsogezea kreti. Mama akakaa, akaitazama mikono yake pande zote mbili kana kwamba amekabidhiwa ya mtu mwingine. Njeri akamgeukia babu. "Ndio maana unanusa maziwa hivyo, Guka. Mimi nilijua. Sisi tumelelewa na ng'ombe, tunajuana."

Yaliyobaki yalitoka kidogo kidogo jioni ile, na kila moja lilikwenda kukaa mahali pake katika maisha niliyodhani nayajua. Maziwa: aliyakamua tangu utoto na yote yalikwenda nyumba kubwa, hakuonjeshwa. Kula wima: alilishwa kwenye mlango wa jikoni, amesimama, na kutoka hapo aliiona meza. Bwana alikula peke yake mezani, uso kwenye ule mlango, na kiti kingine hakikuwahi kuvutwa. Jina letu la utani: "Kila mkiniita Bwana Shamba nageuka kumtafuta yeye," alisema. Tulikuwa tumemwita hivyo miaka yote.

Na msuko. Alipoanza kung'oka meno ya mbele, Bwana alimfuata jikoni asubuhi ya Jumamosi, akampeleka penye samadi, akasimama nyuma yake, akaweka mikono yake mikubwa juu ya ile midogo. Hakusema neno. Akapinda, akapitisha, akakaza. Kila Jumamosi, mpaka babu akawa kijana mwenye ndevu. Vibarua wengine walimwaga samadi na kuondoka. Wale wawili walibaki kusuka.

"Walinicheka sana," alisema. "Wenzangu wamepewa kuendesha mkokoteni, wamepewa funguo za ghala. Mimi mtoto wa jikoni nimepewa mavi. Nilijua ananionyesha nafasi yangu, nisije nikajisahau kwa ajili ya pua hii."

Bwana alipokufa, ndugu zake walikuja kutoka kwao, wakazika, wakauza. Babu alisimama nje ya lango pamoja na vibarua. Aligawiwa blanketi, kama wao. Usiku huohuo aliteremka Tanga, na akavuka kwenda Unguja msimu wa karafuu.

"Kama ulimchukia," niliuliza, "kwa nini umesuka maisha yako yote?"

"Nani kasema nilimchukia?"

Asubuhi yake, kabla sijaenda uwanja wa ndege, nilipanda kumuaga. Jua lilikuwa bado laini. Mama alikuwa juu kabla yangu; alikuwa amemletea kiti, kiti cha sebuleni chenye mto, na babu alikuwa amekiweka kando na kukalia debe lake. Aliniuliza swali lile pale. Mtu anaweza kukushika mikono miaka na miaka akikufundisha kazi, na bado kwake ukawa kibarua tu?

Halikuwa swali la kupoteza muda. Nilimwona anavyoningojea, kichwa kimeinama upande wa sikio zuri. Alikuwa amelibeba kutoka milimani hadi Unguja hadi Balad hadi hapa, na mtu wa kwanza aliyempa ni mimi, kwa kuwa nimesoma.

Nilitaka kusema hapana, haiwezekani, alikupenda. Lakini nilikuwa nimesoma juu ya mashamba mengi ambako mtu alifundishwa kazi vizuri kwa sababu tu kazi ilitakiwa kufanywa vizuri.

"Sijui, Babu," nilisema. "Sina ushahidi."

Akanitazama, kisha akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe hata huko Riyadh jawabu mafi, hakuna!" Akanipiga begani kwa mkono wenye majani. "Halas, basi. Yalla, ndege itakuacha, mwanangu."

Nilipofika ngazini niligeuka. Alikuwa amepiga goti kwenye ule ukingo.

"Umemaliza?" nikamwita.

"Bado kidogo."

Alifariki kabla viazi vile havijavunwa, asubuhi, akiwa na fahamu zake, Mama akimshika mkono mmoja na Njeri mwingine. Alizikwa baada ya Alasiri. Msibani mtu aliuliza marehemu alikuwa wa kina nani, na nikamsikia Mama akijibu, polepole, kwa sauti ya kusikika chumba kizima, "Mama yake alikuwa Msambaa, mpishi. Baba yake alikuwa mkulima Mswisi."

Daktari wa mifugo alikuwa likizoni kwao siku hizo. Alirudi Riyadh majira ya joto yalipokwisha, akaja ofisini Murabba na viatu vyake vya vumbi, na nilipomwambia babu hayupo tena alikaa kitako, kofia mkononi. Alikuwa amemwonyesha ile picha niliyomtumia baba yake, mzee sana, mkulima wa mabonde hayo hayo, na amekuja na maneno yake. Nilimwuliza mara tatu kama ana hakika. Mara tatu akasema ndivyo baba yake alivyosema, na ndivyo ilivyokuwa kwao na kwa majirani wote.

Kibarua alibeba samadi na kuimwaga. Ukingo hakuugusa. Ukingo ulisukwa na mwenye shamba pamoja na mwanawe atakayemrithi, kila Jumamosi, ili Jumapili wapita njia wakienda kanisani waone kwamba nyumba ile ina mwana. Na mtoto huanzishwa, mikono ya baba juu ya mikono yake, pale anapoanza kung'oka meno ya mbele.